Kivuko Kilichoitwa Subria

Majina yote ya kivuko chetu aliyaandika shangazi yangu, na la kwanza alilikosea. Aliambiwa aandike SUBIRA. Akaandika SUBRIA.

Kosa halikuwa lake peke yake. Alikuwa amekaa kwenye ubao ulioning'inizwa ubavuni mwa kivuko, na baharia mmoja mcheshi yuko juu ameshika kamba, anamsemesha. Hadi kicheko kinaisha, R imeshaitangulia I. Abiria nao hawakumwacha.

"Dada, subira huvuta heri. Subria huvuta nini?"

"Huvuta mchumba!" baharia akamjibia. Wakaoana kweli.

Tajiri wa kwanza alicheka tu, akaliacha. Baadaye akakiuza kivuko kwa muuza mbao, aliyetaka kiitwe Ushindi. Shangazi akapaka rangi juu ya Subria, akaandika. Kisha kikanunuliwa na ndugu wawili wasioelewana hata kwa salamu. Wakakiita Umoja. Mume wa shangazi, yule baharia, alibaki humohumo, tajiri aje tajiri aende, akapanda hadi nahodha, mpaka maradhi yalipomchukua. Nyumbani kwetu kiliendelea kuitwa Subria.

Mwaka huu kimenunuliwa na mama mmoja mwenye sauti nzito. Akaagiza rangi za zamani zikwanguliwe zote hadi chuma, ndipo jina lake jipya, Tumaini, liandikwe. Shangazi akaomba akwangue mwenyewe.

"Wifi, hiyo si kazi ya vijana?" mama yangu akamuuliza.

"Vijana hawajui pa kuachia."

Nilikaa gatini nikamtazama. Alikwangua Umoja, kisha Ushindi, polepole kama mtu anayemenya yai. S ikatokea. Ikaja U, ikaja B. Alipoifikia ile R akaweka kisu chini, akaipitishia kidole. Halafu akainua uso kutazama juu, kamba ilikofungwa kwenye chuma.

Tajiri alipokuja kukagua, Tumaini lilikuwa juu kabisa, karibu na reli. Chini yake palipakwa rangi, lakini herufi za zamani zilikuwa zimevimba.

"Mama, hapa hujakwangua." Akapapasa, akasoma. "Sub... ria? Nani alikosea hivi?"

"Mimi. Kuna mtu alinichekesha."

Tajiri akamtazama, akaondoa mkono taratibu.

"Haya, liache. Ila hili langu usiwe umeniandikia Tumiani."

"Hilo halina kosa," shangazi akasema. "Hapakuwa na wa kunichekesha."