Mia na Ishirini kwa Themanini

Mimi ni wa Muheza. Nilipopangiwa kazi Kyela nililia siku mbili, nikaonja wali wa huku, nikanyamaza. Nasema hivyo mapema msije mkadhani nilikuja kuwafundisha watu kula. Nilikuja kuwa muuguzi kwenye zahanati moja upande wa Katumba Songwe, nikapanga chumba kwenye mji wa mzee mmoja mwenye kakao, migomba na sauti kubwa.

Mwaka wangu wa tatu ukaja mradi. Miradi mnaijua: semina, chai, bango. Huu ulikuwa wa presha na sukari. Tukapewa mashine moja ya kupimia presha, ile yenye mkanda wa kufunga mkononi na kioo kinachoonyesha namba, pamoja na daftari jipya. Kila Jumatano mhudumu wa kujitolea angepita nyumba kwa nyumba, apime watu wazima, aandike. Mimi ningesimamia na kupeleka ripoti.

Siku ya uzinduzi nikakabidhiwa kipaza sauti. Jamani, mtu akishashiba pilau asipewe kipaza sauti! Nikawatangazia watu: "Namba ya mtu anayejitunza, mtu mwenye akili zake timamu, ni mia na ishirini kwa themanini!" Nikawaitikisha mara tatu kama watoto wa chekechea. Mzee mwenye nyumba wangu alikaa kiti cha mbele, akaitikia kuliko wote.

Mhudumu nilimchagua mwenyewe, na nikajipongeza. Alikuwa mke wa mtoto mkubwa wa mzee huyo, binti aliyemaliza kidato cha nne, mwandiko wake umenyooka kuliko wangu. Nilipomwambia atapima kijiji kizima, kuanzia mji wa mkwewe, aliinama akaanza kufuta kioo cha mashine ambacho hakikuwa na vumbi.

"Wote, dada?"

"Wote."

"Haya, dada."

Mtu yeyote wa Kyela akifika hapa ameshaanza kucheka. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye mji ule zaidi ya miaka miwili, nikimwona binti yule akikimbilia nyuma ya migomba kila mkwewe akitokea, kanga usoni, ndoo kaiacha njiani. Nikajua ana aibu tu. Kumbe kwenye nyumba zilizoshika mila za Kinyakyusa, mke wa mtoto hamtazami baba mkwe, hasemi naye, wala hakai naye chumba kimoja. Siku hizi wengi wameacha. Mzee wangu hakuacha. Na mimi, mtaalamu, nikampa binti yule kazi ya kumshika mkwewe mkono na kumfunga mkanda.

Wenyewe wakatafuta njia bila kuniuliza. Mzee akawa wa mwisho kila Jumatano. Binti anaweka mashine kizingitini, anagonga mlango mara mbili, anakwenda kusimama nyuma ya ukuta. Mzee anaichukua, anajifunga mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, anabonyeza. Kisha inatoka sauti, utadhani anatangaza matokeo ya uchaguzi: "Mia na ishirini kwa themanini!" Binti anaandika. Mashine inarudi kizingitini, naye ananiletea mimi.

Miezi minane. Mia na ishirini kwa themanini, haikupanda wala haikushuka.

Mtauliza kama nilishtuka. Wapi! Na wala sikuwa mbali. Nilikuwa namwona kwa macho yangu akila wali wa kutosha watu watatu, mawese mekundu juu yake, na kopo lake la chumvi analotembea nalo kwenye mfuko wa koti maana mkewe alikuwa amelificha la jikoni. Akitoka kugeuza kakao aliyoanika, anasimama mara mbili kuvuta pumzi kabla ya kufika mlangoni. Asubuhi nyingine namkuta amefungwa kitambaa kichwani.

"Shikamoo baba. Kichwa tena?"

"Marahaba. Jua la Kyela hilo, nesi."

Nami nikaamini ni jua. Daftari lilisema mzima, na daftari nalisimamia mimi.

Wakaja wageni wa mradi kufanya tathmini. Wakafungua daftari, wakaufikia mstari wa mzee, wakatazamana. Mmoja akaniuliza siri ni nini. Nikamjibu, Mungu anisamehe, kwamba siri ni elimu shirikishi. Akaandika! Mzee akapewa fulana nyeupe na kofia, akapigwa picha ameshika papai ambalo hakulila. Fulana aliivaa hapohapo, na mchana ule ule ikapata tone la mawese kifuani.

Watu walipiga makofi, isipokuwa binti. Baadaye akanifuata jikoni kwangu, akasimama mlangoni akikunja ncha ya kanga.

"Dada, hii mashine inaweza kukosea?"

Nikamkata hapohapo. "Mashine haikosei. Watu ndio wanaokosea."

"Ndaga, dada," akasema, akaondoka. Kushukuru ameshukuru, nikarudi kwenye sufuria yangu. Nilidhani amechoka kazi.

Wiki ya tatu baada ya fulana, Jumatano, sikuwa na zamu. Nilikuwa uani nafua. Nikasikia mlango wa mzee ukigongwa mara mbili, kama kawaida. Kikapita kitambo. Halafu sauti: "Mia na..." Kimya. Tena: "Mia na ishi..." Maneno yalitoka kama ya mtu mwenye uji wa moto mdomoni. Binti akaja mbio, kanga imemwanguka, akanikamata mkono wenye povu.

"Dada, ingia! Mimi siwezi kuingia. Ingia wewe!"

Nikaingia. Mzee alikuwa sakafuni ameegemea kitanda, mdomo umekwenda upande, mkono wa kushoto umelala, mkanda bado umembana wa kulia. Alinitazama, akajaribu tena: "Mia na..."

"Nyamaza, baba. Nyamaza, tafadhali."

Kwenye kioo kulikuwa na mia mbili na kumi na nne kwa mia na ishirini na sita. Nikapiga kelele mpaka majirani wakaja, tukampakia kwenye bajaji, binti akikimbia nyuma yetu kwa mbali ili asimtazame. Kiharusi. Hospitali walimpokea vizuri na roho yake ikabaki.

Kesho yake nikakaa na ile mashine mezani. Ina kitufe cha kumbukumbu. Semina walitufundisha, ila ilikuwa karibu na chai na mimi akili yangu ilikuwa kwenye sambusa. Nikakibonyeza. Kipimo cha mwisho cha Jumatano ya wiki iliyotangulia, yaani cha mzee: mia na tisini na nane. Nikarudi nyuma, Jumatano nyingine, kipimo cha mwisho: mia na tisini na moja. Nyingine, mia na themanini na tisa. Vyote vilikuwemo, na tarehe zake. Kila wiki binti yule alikuwa ananikabidhi mkononi presha ya mkwewe, mimi naipangusa kwa kitambaa na kuifungia kabatini.

Niliona haya nikatamani ardhi inimeze. Na kama mtu yeyote mwenye haya, nikatafuta wa kumgombeza.

"Kwa nini uliandika uongo?"

Hakuinua macho. "Baba mkwe ndiye aliyesema. Ningeandika nini, dada? Kwamba baba mkwe ni mwongo? Na wewe ulisema ndiyo namba ya mtu mwenye akili. Alikuwa anakuheshimu."

 

Mzee alirudi nyumbani na vidonge vya kila siku, na amri ya kupimwa kila wiki, kwa kuwa daktari alisema kiharusi cha pili hakitamwacha hai. Mkono wa kushoto umekufa, kwa hiyo kujifunga mkanda hawezi tena. Mkewe macho hayaoni namba. Mume wa binti yuko Mbeya kikazi. Wazee wa ukoo wakakaa kikao. Mmoja akasema basi apime nesi. Nikawaambia siwezi, Jumatano nina semina. Semina yenyewe nilikuwa nimeibuni palepale, na ndio uongo pekee wa mwaka ule ambao siujutii. Wakazungumza mpaka chai ikaisha, wakachinja kuku, wakasema binti aruhusiwe kumpima.

Jumatano ikafika. Mzee akakaa kwenye kiti sebuleni, uso ameuelekeza ukutani, fulana yake ya mradi mwilini, tone la mawese limekataa kutoka. Binti akaingia, kanga mpaka kwenye nyusi, macho sakafuni. Miaka sita ya ndoa, hakuwahi kusimama karibu naye hivi wala kumwambia neno moja. Akamkunjia mkono wa fulana. Akakosea kufunga, akafungua, akafunga tena. Akabonyeza. Mimi nilikuwa mlangoni na daftari, semina yangu imeahirishwa.

Mashine haijamaliza kunguruma, mzee akakohoa na kuanza kwa mdomo wake uliopinda: "Mia na ishirini kwa thema..."

Binti akatazama kioo.

"Hapana, baba," akasema. "Mia na sabini na nane kwa mia na nne."

 Mzee akaukazia ukuta macho.

"Haya," akauambia ukuta. "Nesi, andika anavyosema."

Nikaandika.