Pawabenki Kwenye Mkoba wa Kafuri

Mtaani kwetu Mwananyamala mwanamke akifariki, kabla ya kuulizana atazikwa wapi, lazima mtu aseme, "Mpigieni Bi Mwanakombo." Ndiye mwosha wetu. Kazi hii aliipokea kwa bibi yake, na mie huwa namfuata kumshikia maji, ndiyo maana naweza kukusimulieni habari hii.

Zamani alikuwa anafuatwa kwa miguu. Siku hizi anapigiwa simu, na maiti yetu haingoji: aliyefariki asubuhi, ikifika alasiri keshasaliwa. Basi simu ya mwosha ikizima, mtu anaoshwa na yeyote aliyepatikana. Simu ya Bi Mwanakombo nayo ilikuwa imechoka. Chaji inapanda taratibu na kushuka kama maji kwenye tenga, na umeme ukikatika ndiyo basi tena.

Hilo lingekuwa jambo dogo isingekuwa Bi Naima wa Tabata. Hao ni mashoga tangu wanasoma chuo pamoja, juzuu mkononi. Bi Naima aliugua figo muda mrefu, na akausia mbele ya binti yake Manal: "Nikifa, asiniguse mtu mpaka aje Mwanakombo." Bi Mwanakombo akaitikia. Na kwetu mtu akishaitikia wasia, umekuwa deni shingoni mwake.

Tangu hapo kila ikishasaliwa alasiri Bi Naima anapiga simu.

"Haloo, unapatikana?"

"Napatikana, shoga. Umeamkaje?"

"Nimeamka kitandani, nimeshinda kitandani. Nakupima tu. Jana nimepiga, yule dada wa kwenye simu ananiambia hupatikani. Nikamwambia, dada, mie ndiye ninayekufa, sasa mbona asiyepatikana ni yeye?"

"Astaghfirullah, Naima! Umeme ulikatika."

"Kwa hiyo nikifa umeme umekatika, nipange foleni kama ndoo ya bombani?"

Wakacheka wote wawili. Lakini simu ilipokatwa, Bi Mwanakombo hakucheka tena. Akanunua pawabenki kwa machinga aliyekuwa akipita na sinia lake shingoni. Kitu kinang'aa, kina vitaa vya bluu, mbele kimeandikwa ujazo wa elfu hamsini kwa herufi za dhahabu, na ukikishika ni chepesi kama andazi. Akakipenda.

Nanyi mnajua sie wanawake wa hapa, kitu tukikipenda hatukiachi wazi. Televisheni ina kitambaa chake, jagi lina kofia ya shanga, hata mtungi wa gesi una sketi. Bi Mwanakombo akakishonea pawabenki mfuko wa mahameli, ndani sponji, juu ua la uzi wa dhahabu, na mdomoni kifungo. Akakitia kwenye mkoba wake wa kazi, ule wenye sanda, pamba, udi na kafuri, ili akiitwa abebe mkoba mmoja tu.

Mwanzo kilifanya kazi vizuri. Baadaye kikawa kinaijaza simu nusu kisha kinanyamaza. Halafu mfuko ukaanza kukibana.

"Nadhani sponji imeingia unyevu," akaniambia. "Twende Mwenge kwa Hayat, akatuambie."

Hayat ni binti wa mzee Jaffar, aliyekuwa akiuza taa za karabai zamani zetu. Duka ni lile lile, ila sasa limejaa waya na vichwa vya chaji.

"Shikamooni mama zangu."

"Marahaba mwanangu. Baba hajambo? Tuonyeshe pawabenki kwanza, halafu nina swali."

Hayat akazipanga juu ya meza. Bi Mwanakombo hana tabia ya kusema kabla ya kugusa. Akainyanyua moja, akaipima mkononi, akaigeuza, akapitisha kidole gumba mbavuni, akaisogeza puani.

"Mama, unanunua pawabenki au unachagua papai?" Hayat akauliza.

"Papai nalijua linavyokufa, mwanangu. Hivi vinakufaje?"

Hayat akaacha kufuta kioo. "Watu wote wanaokuja hapa wananiuliza inajaza simu mara ngapi. Hilo lako sijaulizwa."

"Mie wote ninaowashika nawakuta wameshakufa. Nionyeshe maiti zake."

Nilimwonea haya, lakini Hayat alitupeleka uani. Kivulini palikuwa na debe la mchanga mkavu. Akachomoa pawabenki moja, akaiweka kwenye sakafu. Mgongo wake ulikuwa umenyanyuka, na ubavu umeachia kama mshono wa gauni lililobana.

"Hii imevimba," akasema. "Ndani yake kuna betri laini, kama mfuko wa maziwa. Zikiwa mbovu, dawa za ndani zinaharibika na kutoa hewa. Hewa haina pa kutokea."

"Kwa hiyo inaoza."

"Ehe, tuseme inaoza."

"Kumbe nayo ina tumbo kama sisi!" Akachuchumaa aione vizuri, na uso wake ulikuwa kama wa mtoto aliyefunguliwa sanduku. "Na ukilibonyeza?"

"Usibonyeze, mama! Ukiitoboa au ukiipasha joto inalipuka moto. Ndiyo maana nazilaza mchangani mpaka wenye kazi ya kuzipokea waje."

Bi Mwanakombo akabaki amechuchumaa. "Joto, umesema." Kisha akanitazama mie. Akauvuta mkoba, akautoa ule mfuko wa mahameli. Ua la dhahabu lilikuwa limetuna, na kifungo hakifunguki.

Hayat akanusa hewa. "Hiyo harufu ni ya nini?"

"Kafuri."

"Kafuri pamoja na hii?"

"Na pamba. Na sanda."

Binti wa watu aliupokea mfuko kwa mikono miwili, taratibu, kama mtu anayepokea mtoto aliyelala. Akakata nyuzi za kifungo kwa ncha ya mkasi, mbali na pale palipotuna, akakitelezesha kile kitu mchangani. Kilikuwa na mimba kabisa, vitaa vya bluu vimepasuka.

"Mama yangu, ulikuwa unatembea na jiko."

"Kwamba kafuri inawaka nalijua tangu mtoto," Bi Mwanakombo akasema polepole. "Sikujua kama nimeilaza na kiberiti. Na sanda ya watu humo ndani." Akasoma dua fupi, nasi tukaitikia amina.

Tuliporudi dukani alikuwa na maswali kuliko mwanzo. Akanyanyua iliyo nzito. "Basi nzito ndiyo nzima."

"Nyepesi yenye namba kubwa ni ya uongo, hilo kweli," Hayat akasema. "Lakini na uzito unadanganya." Akatoa kwenye droo pawabenki moja aliyoletewa na mteja, akaifungua: betri moja nyembamba, na pembeni yake bonge la udongo mkavu.

"Udongo!" nikasema. "Mtu mzima akakaa akakanda udongo?"

"Akakanda na akaukausha vizuri, mama. Kwa hiyo unaitikisa. Ikicheza ndani, iache. Unaangalia maungio yake, yawe yamefunga sawasawa. Halafu geuza nyuma. Namba kubwa ya mbele ni ya kujisifu, ukweli wanauandika kwa herufi ndogo kwa sababu wanalazimishwa."

Tukasoma pamoja, tukipokezana miwani moja. Nilikuwa sijui kwamba si chaji yote iliyomo inayofika kwenye simu, nyingine inapotea njiani kwa joto. Iliyoandikwa elfu kumi, nyuma yake inakiri inatoa kama elfu sita hivi.

"Kama unavyopika wali," Bi Mwanakombo akasema, "ukoko unabaki chunguni."

Akachagua ya kiasi, nyeusi, haina vitaa vya mbwembwe, jina la mtengenezaji linasomeka, na Hayat akaijaribu mbele yetu kwa kipimo chake kidogo, akaandika risiti na dhamana. Waya nao akatubadilishia, akisema ule wetu ni mwembamba kama uzi wa kushonea.

"Sasa hii nguo yake niishone nyepesi?"

"Usiivike chochote, mama. Ikifanya kazi inatoa joto. Iache uchi."

"Uchi!" Bi Mwanakombo akashika kiuno. "Mwanangu, mie kazi yangu yote ni kusitiri!"

Tulicheka mpaka mzee Jaffar akachungulia kutoka ndani kuuliza kuna harusi gani.

Tangu siku ile pawabenki ilikuwa na mahali pake: akiichaji, inakaa kwenye sahani ya bati, peke yake, mbali na godoro na pazia. Akitoka, inakaa kwenye pochi yake, na kafuri inabaki mkobani. Mara kwa mara anaigusa kwa nyuma ya kiganja, kama anayepima homa ya mtoto. Bi Naima aliposimuliwa alisema, "Afadhali. Ningekufa mie, ukaungua wewe, nani angemwosha nani?"

Umeme ulikatika siku ya Jumatano tangu alfajiri. Kabla ya adhuhuri tulikuwa barazani kwake tunachambua mchele, simu imechomekwa kwenye pawabenki, ikaita. Namba ya Bi Naima. Bi Mwanakombo akaipokea huku anatabasamu: "Leo umewahi, napatikana!"

Alikuwa Manal. Hakusema mengi, alilia tu, na sie tukasema innalillahi.

Tulifika Tabata pazia limeshafungwa, maji yamechemshwa na majani ya mkunazi, na hakuna aliyemgusa. Ya ndani ya pazia hayatoki, hivyo ndivyo alivyonifundisha, nami siyasemi. Nasema tu kwamba aliyeahidiwa alioshwa na aliyemwahidi.

Wanaume walipoondoka na jeneza, adhana ya alasiri ilikuwa imeshapita. Tulikaa mkekani. Bi Mwanakombo akaitoa simu, akailaza mapajani, akawa anaitazama. Saa ile niliijua, ndiyo saa ya Bi Naima kupiga.

Simu ikaita.

Tulishtuka wote. Namba ngeni, sauti ya msichana, kutoka Kinondoni. "Shikamoo. Samahani, ndiye Bi Mwanakombo mwosha? Mama yetu amezidiwa. Tulitaka kujua tu kama unapatikana."

Bi Mwanakombo akafuta uso kwa upindo wa khanga.

"Marahaba, mwanangu. Napatikana," akasema. "Ila na tumwombee apone kwanza."