Mikono ya Kaaha Ilipokosa Maneno

Kaaha hasikii tangu azaliwe, lakini sokoni kwa maziwa ya ngamia, hapa Garissa, hakuna aliyemshinda kuongea. Alisengenya kwa mikono yote miwili, dadake Sahara akicheka mpaka wateja wanaondoka na vikombe vitupu.

Kisha asubuhi moja kiharusi kikamwangusha kando ya mitungi yake. Baada ya wiki mbili alikuwa akitembea, akimimina maziwa, akijifunga shungi mwenyewe. Ishara tu ndizo zilizogeuka uji: vidole vinaanza neno, vinapotea njia, vinaishia hewani. Familia ikaamua mkono ndio mgonjwa. Wakausugua samli asubuhi na jioni, mpaka nzi wa soko zima wakahamia kwa Kaaha.

Sahara akampeleka hospitalini kwa Musembi, mtaalamu wa matatizo ya kuongea. Musembi akaunusa ule mkono, akakohoa kwa adabu.

"Dada, mwambie anionyeshe vile mtu hunywa maziwa."

Kaaha akainua kikombe kisichokuwepo, akanywa, akapangusa midomo. Safi kabisa.

"Sasa aseme 'maziwa' kwa ishara."

Vidole vikagongana. Machozi yakamlenga.

Musembi nusura aruke kitini. "Umeona? Mkono mzima! Kilichoumia ni lugha."

"Lugha si iko mdomoni, daktari? Huyu mdomo hajawahi kuutumia."

"Iko kwenye ubongo. Kwa watu wengi, upande wa kushoto. Ubongo hauulizi kama maneno yatatokea mdomoni au vidoleni. Kiharusi kama hiki kingekupata wewe, ungeishiwa maneno ya mdomo."

"Wallahi, mume wangu angechinja mbuzi!"

"Acheni samli. Mrudishe sokoni, mwongeleshe kutwa, kisha mngoje ajibu. Hata akikawia."

Sahara akamwongelesha wiki tano. Akamuuliza habari za ngamia, za majirani, za wake wenza wa watu. Akijibiwa uji, anauliza tena.

Alhamisi moja mteja akataka maziwa ya leo. Sahara, kwa pupa zake, akashika kikombe, akainua mtungi mwingine. Kaaha akamdaka kifundo cha mkono. Vidole vyake vikasita, vikajipanga, kisha vikasema, kila neno mahali pake: *Hayo ni ya jana. Yamechacha.*

Kikombe kikamtoka Sahara. "Ameongea! Abaayo, dada yangu, ameongea!"

Mteja akatazama huku na huku. Hakuwa amesikia kitu.

"Rudia," Sahara akamwomba kwa ishara.

Kaaha akarudia, upesi zaidi, akaongeza na neno moja juu ya akili za dadake ambalo hapa haliandikiki.