Gari Lililofukuza Kifo

Zadock Ogweno alipata leseni ya udereva mwezi wa pili mwaka 1967, akiwa na miaka kumi na minane na siku tisa. Wiki sita baadaye baba yake akafa. Wiki mbili baada ya mazishi kijana huyo alisimama kizimbani Homa Bay, akishtakiwa kwa kuendesha gari kwa kasi katika soko la Rodi, na kwa kuliendesha bila bima. Mashtaka yote mawili yalikuwa ya kweli. Nayasema hayo mwanzoni ili asiwepo wa kudhani kwamba nalipamba kosa. Anayepita sokoni kwa maili hamsini na tano kwa saa, mahali penye kibao cha thelathini, anacheza na roho za watu. Lakini wapo ambao majina yao hayakuandikwa katika hati ile ya mashtaka, na hasira yangu ni juu yao.

Nilimfundisha Zadock darasa la sita na la saba. Hakuwa hodari wa vitabu, ila hesabu asiyoiweza aliiacha wazi badala ya kumwibia jirani jibu. Alipomaliza shule aliingia kazini na baba yake, Paulo Ogweno, aliyekuwa akibeba samaki, ngege na omena, kutoka gatini Homa Bay hadi Migori, mara tatu kwa wiki, kwa pikapu ya Peugeot kuukuu. Gari hilo Ogweno alilinunua kwa kuuza madume yake yote manne ya ng'ombe. Majirani walimcheka. "Ogweno ameoa magurudumu," walisema, "tutaona kama yatamzalia ndama." Yeye alifunika samaki wake kwa majani mabichi, akaondoka kabla jua halijawa kali, na watoto wake watano wakasoma kwa safari hizo. Pale penye mlima alimwachia Zadock usukani, akamwambia, "Sikiliza injini. Mtu mwenye haraka hasikii kitu."

Ugonjwa wa ini ulimmaliza kwa mwezi mmoja. Akazikwa Jumamosi.

Sasa, kwetu Wajaluo mwanamume mwenye mji akifa, wanaume hutoka siku chache baada ya mazishi na madume, mikuki na ngoma, wakayakimbiza madume hayo hadi porini ili kukifukuza kifo kisirudi pale nyumbani. Ndiyo tunayoiita tero buru. Mji wa Ogweno haukuwa na dume hata moja. Wazee waliketi penye kivuli cha ghala wakalijadili jambo hilo asubuhi nzima, na aliyelimaliza ni Cephas, kaka mkubwa wa marehemu, ambaye pia alikuwa mzee wa kanisa.

"Dume la Ogweno si lile pale?" alisema akiionyesha Peugeot. "Ndilo alilobadilishana na ng'ombe wake. Basi litapelekwa hilo."

"Na nani atalikimbiza?" aliuliza Otieno, jirani yao.

"Mwana wa kwanza. Au unataka nilishike mimi mkia?"

Wakacheka. Zadock hakucheka. "Baba mkubwa," alisema, "gari halikimbizwi kama ng'ombe. Njia ni ile ya Rodi, na leo ni siku ya soko. Askari wa barabarani wako pale."

"Unaogopa askari, huogopi kifo? Ama unataka kifo kibaki hapa na mama yako?"

Niambieni, kijana aliyemzika baba yake juzi atajibu nini hapo? Alikwenda kuchukua ufunguo.

Walilifunika gari kwa matawi. Wanaume kumi na mmoja walipanda nyuma na mikuki na ngao, na Cephas akaketi mbele, karibu na dereva, rungu mkononi. Mwanzoni Zadock alikwenda polepole. Cephas akagonga dari kwa rungu. "Kanyaga! Kifo hakifukuzwi kwa mwendo wa kobe!" Na wale wa nyuma wakaitikia kwa kelele na ngoma. Walipita Rodi namna hiyo, honi ikilia, watu wakiruka pembeni. Mwanamke mmoja aliyekuwa akiuza vyungu aliangukia mtaroni na vyungu vyake vitatu vikavunjika. Ni neema ya Mungu tu kwamba hakuvunjika yeye.

Lendrova ya polisi iliwafuata na kuwasimamisha mbele kidogo ya soko. Aliyeshuka ni Koplo Ryoba, Mkuria wa Kehancha, mtu mtulivu. Aliomba leseni, akaisoma, akairudisha. Aliomba bima, akaisoma mara mbili.

"Wewe ndiye Paulo Ogweno?"

"Paulo ni baba yangu, afande. Tumemzika Jumamosi."

"Pole sana. Lakini hapa imeandikwa gari litaendeshwa na Paulo Ogweno peke yake. Soma mwenyewe."

"Afande, kitu cha baba ni cha mji. Shamba lake sasa ni letu, nyumba yake ni yetu. Karatasi hii ndiyo isiwe yetu?"

Ryoba alicheka kidogo, si kwa ubaya. "Hata kwetu ng'ombe hurithiwa, kijana. Bima hairithiwi. Imekufa na mwenyewe."

Kosa hilo halikuwa la Zadock peke yake. Ukoo mzima uliamini hivyo. Karatasi ilikuwa na miezi minne mbele yake, mji ulikuwa na mrithi, na hakuna hata mmoja aliyefikiri kwamba kampuni huko mbali haimjui mwana wa mtu.

"Na nani aliyewaamuru kupita sokoni hivi?" aliuliza koplo.

Zadock aligeuka. Nyuma ya gari palikuwa na ngoma moja na matawi. Wanaume walikuwa wameteremka mmoja mmoja na kuingia katika mahindi. Mlango wa mbele ulikuwa wazi. Cephas alitangulia wote.

Karani wa korti ndiye aliyemweleza kijana kilichokuwa kikimngojea. Faini ingelipika, hata kwa kuuza kuku. Lakini mtu akipatikana na hatia ya kuendesha bila bima, hunyang'anywa leseni mwaka mzima, ila mahakama ikiona sababu ya pekee ya kumwachia. Katika mji ule hapakuwa na mwingine ajuaye kuendesha. Mwaka mmoja bila leseni ulikuwa mwaka wa gari kuota kutu, wavuvi kumpa mwingine samaki wao, na wadogo wanne kutoka shuleni. Alihitaji mtu mmoja tu, kati ya wale kumi na wawili, asimame aseme: sisi ndio tuliomtuma.

Alikwenda kwa Cephas.

"Nyathina, mwanangu," Cephas alimwambia, "wewe wajua kanisa limekataza tero buru. Nikisema kortini kwamba nilikuwa ndani ya gari lile, Jumapili nitaketishwa nyuma pamoja na wasiobatizwa. Uzee huu wa kanisa nimeungoja miaka kumi na minne."

"Na leseni yangu, baba mkubwa?"

"Wewe bado mtoto. Mwaka mmoja ni kitu gani?"

Nimeishi na watu wa Mungu maisha yangu yote, na sijasikia maneno yaliyonichefua kama hayo. Kama aliamini kwamba desturi ile ni dhambi, mbona alipanda gari? Na kama hakuamini, mbona aliketi mbele ya waumini kila Jumapili akiwaonya wengine? Desturi si aibu, na imani si aibu. Aibu ni mtu mzima kuchukua heshima ya zote mbili na kumwachia mtoto wa ndugu yake gharama.

Siku ya kesi nilikuwa katika benchi la tatu. Mashtaka yalisomwa mbele ya Hakimu Mayaka, na Zadock akakiri yote mawili kwa sauti iliyosikika hadi nje.

"Una sababu yoyote ya pekee ya kufanya usinyang'anywe leseni?"

"Nilikuwa nafukuza kifo, Bwana Hakimu."

Watu wakaangua kicheko. Hakimu aligonga meza. "Ulikuwa peke yako?"

"Tulikuwa watu wa nyumbani."

"Watu gani? Wataje."

Zadock alitazama benchi la nyuma. Cephas alikuwa amekuja, amevaa koti lake la Jumapili. Kofia ilikuwa magotini na macho yake yalikuwa ndani ya kofia, kama mtu achunguliaye kisima. Mwana hamshtaki ndugu wa baba yake mbele ya wageni, na matanga hayajamalizika.

"Siwezi kumtaja mtu, Bwana Hakimu."

"Basi mahakama haina la kufanya ila..."

"Mimi nitawataja!"

Sauti ilitoka dirishani. Phelesia, mama yake Zadock, alikuwa amesimama nje juani, amevaa koti la marehemu mumewe kama wafanyavyo wajane wetu.

"Mama, ingia ndani uape," alisema hakimu.

"Siwezi kuingia. Nina chola, mume wangu amekufa juzi. Siingii nyumba ya watu. Nitasemea hapa hapa."

"Maneno ya dirishani siyaandiki. Ukitaka yaandikwe, pita mlangoni."

Kila Mjaluo mle alijua mama huyo ameambiwa nini. Mjane ambaye bado hajatolewa chola, ule unajisi wa msiba, akiingia nyumba isiyo yake, inasemwa kwamba mkosi humrudia yeye na watoto wake. Phelesia alibatizwa, lakini aliogopa jambo hilo, na aliliogopa kwa kweli, si kwa maneno. Nilimwona akiushika ukingo wa dirisha. Kisha uso wake ukatoweka pale, na tukasikia nyayo zake upande wa mlango.

Aliingia. Waliokuwa benchi la mbele walisogea mbali naye, mmoja akainuka kabisa. Yeye alishika Biblia akaapa.

"Waliokuwa garini ni wanaume kumi na wawili na mwanangu. Aliyeamuru ni shemeji yangu Cephas, yule pale anayetafuta kitu ndani ya kofia. Mwanangu alikataa. Akaulizwa kama anataka kifo kibaki kwangu. Nilikuwa jikoni, nilisikia kwa masikio yangu."

"Cephas, simama. Ni kweli?"

"Bwana Hakimu, mimi ni mzee wa kanisa."

"Sikukuuliza cheo."

Cephas aliigeuza kofia mkononi. "Ni kweli kidogo."

Safari hii hakimu aliwaacha watu wacheke mpaka wachoke. Kisha aliandika kwa muda mrefu. Kwa mwendo wa kasi, faini, na mwenye vyungu alipwe vyungu vyake. Kwa bima, faini ndogo, na leseni isichukuliwe, kwa kuwa mshtakiwa aliagizwa na wakubwa wake akiwa katika msiba, naye hakujua kwamba karatasi ilikuwa imekufa. Gari, lililokuwa limezuiliwa katika kituo cha polisi, lisitoke mpaka lipate bima mpya. "Na wewe," alimwambia Zadock, "siku nyingine mkubwa akikuagiza kuua watu, umwachie usukani aendeshe mwenyewe."

Nje, Cephas alimngojea Phelesia penye ngazi.

"Mama Zadock, umeingia nyumba ya watu na chola mwilini. Utaleta mbuzi usafishwe. La sivyo, usikanyage kwangu, wala watoto wako."

Mtu huyo! Ndani ya korti desturi ilimtoka kichwani kama moshi. Hatua kumi nje ya mlango aliikumbuka yote, mpaka mbuzi wake.

"Tutamleta, baba mkubwa," alisema Zadock, kwa adabu yote. "Tutamleta Jumapili kanisani, ibada ikiisha. Wewe utasimama mbele, uwaeleze waumini mbuzi ni wa kazi gani."

Cephas alivaa kofia akashika njia ya gatini, na hakuaga mtu.

Karani alitoka na leseni iliyokuwa imewekwa kortini. Zadock aliifungua, akalitazama jina lake, akaitia katika mfuko wa shati na kufunga kifungo. Mama yake alikuwa akimtazama. Nilidhani atalia juu ya nyumba aliyoingia. Alijifuta uso kwa mkono wa lile koti.

"Hiyo karatasi nyingine, ya bima, wanaitoa Migori siku gani?" aliuliza.

"Jumatatu, mama."

"Basi twende nyumbani. Jumatatu uende ukaandikishe jina lako."

Wakaondoka kwa miguu.