Kinyonga Mwenye Pembe

Juzi mtoto wa darasa la nne aliinyooshea kidole picha niliyobandika ukutani, akaniuliza, "Mwalimu, huyu kinyonga ana pembe kweli, au mchoraji amekosea?" Wenzake wakacheka. Mimi sikuweza. Nilipokuwa mdogo huku milimani Mgwashi, hao wenye pembe tulikutana nao uani, asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya mahindi.

Tena tuliwachukia. Ngoja nikueleze taratibu, maana usipoielewa chuki ile hutaelewa kilichofuata. Bibi yangu akimwona kinyonga alijitemea mate kifuani, akaacha kukata majani ya ng'ombe, akarudi nyumbani, siku imeshaharibika. "Alitumwa na Mungu kutuletea uzima, akachelewa njiani, kifo kikamtangulia," alisema huku akichagua maharage ya makande. "Sasa mtu wa mwendo ule unamtumaje?" Aliyemgusa hakula mpaka anawe kwa majivu. Na kweli alitia kinyaa: jicho hili linatazama mbele, lile nyuma, na vidole vinavyobana kama koleo.

Kisha shuleni akaja mwalimu wa sayansi, binti mcheshi kutoka bondeni. Alitufundisha kwamba wako wanyama wanaoishi katika milima yetu tu, wakiisha hapa wameisha duniani. Siku moja akaingia darasani na kinyonga begani. Nusu ya darasa ilitorokea dirishani.

"Mwalimu, utazaa kinyonga!" mmoja akapiga kelele kutoka nje.

"Nikimzaa nitamleta hapa, umfundishe kuhesabu," akajibu.

Alitubembeleza wiki baada ya wiki. "Usimvute mkia. Mwekee mkono mbele, mwache apande mwenyewe." Kufikia mavuno ya maharage hata waoga walikuwa wakimpokezana. Mwalimu alifurahi kama aliyejenga nyumba. Alitaka kitu kimoja tu: watoto wa Mgwashi wasimwogope tena kinyonga, wasimpige mawe.

Zilikuwa nyakati za ruksa, serikali imefungulia biashara. Maduka yaliyokuwa na chumvi na viberiti tu yalijaa ghafla sabuni za kunukia, biskuti na viatu vya mitumba. Akaja mfanyabiashara aliyetaka vinyonga hai, wa kupeleka ng'ambo. Mwaka uliotangulia aliwahi kuja, wazee wakamcheka: "Kamata mwenyewe, bwana." Akaondoka mikono mitupu. Safari hii hakuwauliza wazee. Alisimama kwenye njia ya shule.

Mwalimu alishtuka kuona karibu darasa zima limevaa raba.

"Mmezipata wapi?"

"Kwa mzee wa vinyonga!" tukaitikia kwa pamoja, hata sisi tuliokuwa pekupeku.

Alitoka mbiombio, sisi nyuma yake, hadi kwenye chumba alichopanga yule bwana nyuma ya duka. Viroba vilikuwa vimeegemezwa ukutani. Mwalimu akafungua kimoja. Harufu ile, rafiki yangu, siwezi kuifananisha na kitu: nyama iliyooza na majani yaliyovunda kwa mkojo. Ndani walikuwa wamerundikana, weusi tii, walio hai wakikanyaga wafu, pembe zimechoma macho ya wenzao, na funza wakitambaa juu yao wote bila kubagua.

"Karibu, mwalimu," akasema yule bwana, anatafuna biskuti. Anatafuna, pale pale! "Nilitaka nije nikushukuru. Mwaka jana hapa hapakuwa na mtoto wa kumshika mdudu huyu. Umewafundisha vizuri sana."

Mwalimu akainama mlangoni, akatapika. Msichana mmoja, raba zake nyekundu zikiwa bado safi, akamshika sketi taratibu ili amfariji.

"Mwalimu, mimi wa kwangu sikumvuta mkia. Nilimwacha apande mwenyewe."

Mwalimu alihama kabla ya muhula kwisha. Vichaka vya kando ya msitu vikawa mashamba ya kabichi, na wale wenye pembe sijui ni lini niliwaona mara ya mwisho. Bibi hakuwapenda hata siku moja, lakini kinyaa chake ndicho kilichokuwa uzio wao, na sisi tuliufumua kwa nia njema.

Leo nami ni mwalimu, na napenda kueleza jambo hadi wa mwisho darasani aelewe. Nawaeleza anakula nini, anatagaje mayai, kwa nini anabadili rangi. Ila kila mwaka kuna mtoto mwenye macho ya kung'aa ananiuliza, "Mwalimu, anashikwaje?"

Namwambia sijui.