Mji wa Poland na Kaburi la Baba

Gari jeupe lilikuwa limeegeshwa juu ya baba yangu. Simenti mpya kila mahali. Kaburi hakuna, jiwe hakuna, hata mparachichi wa pembeni hakuna. Soja anayelinda fleti mpya akanifukuza: "Mathe, toka hapo. Hiyo ni paking ya mwenye nyumba ya chini." Nikamwambia baba yangu amelala hapo. Akacheka, akadhani nimelewa.

Nitaeleza vile tulifika hapo, na aliyetufikisha sitamficha. Ni shemeji yangu, mume wa dada yangu, yule anayeomba kwa sauti kubwa kanisani Riruta.

Yeye ndiye alimletea Mama habari za Poland. Kuna kamji kadogo kando ya mto, akasema, wazee wao hawana wa kuwaosha wala kuwapikia. Nikiingia kama mtalii, kazi nitapata. Mama auze ploti yetu tu, nauli ipatikane. Mama alikubali kwa sharti moja: kona ya kaburi la Baba isiguswe. Shemeji akashika Biblia, akaapa ataizungushia ua kwa mikono yake. Mnunuzi alikuwa rafiki yake. Mama akahamia chumba cha kukodi mtaa wa Satellite.

Kisha akaanza kutufunza huo mji, mimi na wengine waliotaka viza, kwenye chumba kilicho juu ya duka la mapazia katikati ya jiji. Mtalii lazima ajue anaenda kuona nini. Mimi shule niliachia darasa la tano, lakini nilishika. Mbao na ngano zilishuka na mto mpaka baharini. Kanisa la matofali mekundu liliungua, likajengwa tena. Sokoni kuna mnara wa saa.

"Daraja lilichomwa na nani?" akaniuliza siku moja.

"Wajerumani."

"Wajerumani walilipua, shemeji! Waliochoma ni Waswidi, zamani zile. Hiyo kichwa yako ni ya kufunga kitambaa tu?"

Darasa likaangua kicheko. Alitufunza pia kwamba Wajerumani waling'oa mawe ya makaburi ya Wayahudi, wakayatandika barabarani. Aliyasema hayo akitikisa kichwa kwa huruma, na huku tingatinga la rafiki yake liko kwetu.

Siku ya kuhojiwa ubalozini nilianza na kanisa. Mwanamke aliyekuwa dirishani akanimalizia: "Likaungua, likajengwa tena. Na mnara wa saa uko sokoni, sivyo?" Kumbe sote tulipeleka mji mmoja, maneno yale yale. Wakaninyima viza. Nikaenda moja kwa moja Riruta kumlilia Baba, mahali sikuwa nimekanyaga zaidi ya mwaka tangu ploti iuzwe, nikakuta gari.

Nilipomfuata, shemeji alisema, "Hayo tumwachie Mungu."

Simwachii. Poland nimesamehe, hii sisamehe, na wewe shemeji, usithubutu kufa kabla hujajibu. Jumapili simama mbele ya kanisa, Mama akiwa kiti cha mbele akikutazama. Mwambie: mlimchimbua mumewe, ama mlimmwagia simenti akiwa ndani? Na kama mlimchimbua, mifupa yake mliitupa wapi?