Zaire Ilipobadilika Jina, Bendera Yake Ilikuwa Mezani kwa Selina

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Jumatano, Selina Masele ameinamia kitambaa cha buluu kilichotandazwa juu ya meza, kibarazani kwake Kirumba. Analowanisha ncha ya kidole kwenye bakuli la maji, kisha anakwaruza kitambaa taratibu kwa ukucha. Tundu moja la sindano linajifunga. Anahamia la pili.

Matundu ni zaidi ya mia mbili. Yamejipanga kwa mshazari, kutoka kona ya chini hadi kona ya juu, kama njia ya siafu. Kesho saa tatu asubuhi kitambaa hiki kinatakiwa kiwe juu ya mlingoti mbele ya hoteli moja ya mjini Mwanza, kikiwa bendera ya nchi ambayo hadi mwezi uliopita ilikuwa na jina jingine.

"Jua likipita nyuma yake wataona," anasema bila kuinua uso. "Gauni unaweza kuweka bitana. Bendera huwezi."

Selina ana miaka 46. Alizaliwa Magu na ni mama wa watoto wanne. Kwa miaka kumi na mitatu alikuwa fundi katika kiwanda cha nguo cha umma, chumba cha maturubai na bendera. Mwaka 1994 alipunguzwa kazini pamoja na wenzake wengi. Kiinua mgongo chake kilitosha kununua cherehani ileile aliyokuwa akiitumia kiwandani na mabati ya chumba kimoja.

Tangu hapo anashonea nyumbani. Zamani kila ofisi ilichukua bendera kiwandani. Sasa ni soko huria, na kila mtu ananunua anapotaka. Bendera kubwa ya Selina ni shilingi elfu tisa. Ile iliyochapwa nje ya nchi, inayoletwa kutoka Dar es Salaam, ni elfu tano na mia tano.

"Ile ya kuchapwa upande wa nyuma imepauka," anaeleza. "Yangu ni ileile mbele na nyuma. Lakini mteja akishaona bei hageuzi kitambaa."

Majirani humwita Mama Bendera. Dorotea, anayekaanga maandazi nyumba ya pili, humchokoza kila asubuhi kwa swali moja: "Leo umeamkia nchi gani?" Kwa kawaida Selina hujibu na wote wawili hucheka. Leo anaendelea kukwaruza.

Kazi hii ilianza mwishoni mwa Aprili. Josephat, meneja msaidizi wa hoteli, alimwagiza bendera sita kwa ajili ya mkutano wa wafanyabiashara wa nchi jirani: Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Zaire. Alimweleza kwamba mikutano ya aina hiyo imeongezeka, na hoteli inatafuta fundi mmoja wa kudumu. Zikitoka vizuri, kazi zote zitakuwa zake. Zikiwa na kasoro, wataagiza Dar es Salaam.

Alianza na Zaire kwa sababu ndiyo ngumu. Mkono ulioshika mwenge, moto mwekundu, duara la manjano juu ya kijani: vyote vilikatwa na kushonwa kipande kwa kipande, mbele na nyuma. Ilimchukua siku nne. Tarehe 18 Mei, Jumapili, alitoka kanisani akakuta watu wamezunguka redio ya jirani. Zaire haikuwapo tena. Nchi imerudia jina la Kongo, na bendera yake ya zamani pia.

Ya zamani ipi, hakuna aliyejua.

Kesho yake, Jumatatu, alikwenda Pasiansi kwa Clavery Muganyizi, karani mstaafu wa posta mwenye miaka 67, mwenyeji wa Bukoba, anayehifadhi stempu za nchi nyingi katika madaftari matatu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mama Bendera. Nilijua utakuja. Redio imekuharibia kazi."

Mzee Clavery hawezi kufungua daftari bila kufundisha kwanza. Alimkumbusha kwamba jina la Tanzania limeungwa kutoka Tanganyika na Zanzibar, na bendera yake vilevile ikachukua rangi za pande zote mbili. Akamwambia kwamba jina la Zaire lilitokana na Wareno waliosikia wenyeji wakiutaja mto wao mkubwa, wakaandika walivyosikia. Kongo ni jina la watu waliokuwa na ufalme karibu na mdomo wa mto huo.

"Kwa hiyo walihamia mtoni, sasa wamerudi kwa watu," alisema.

Kisha akamwonyesha stempu mbili za miaka ya sitini, zote zenye bendera ya buluu. Ya kwanza ilikuwa na nyota kubwa katikati na nyota sita ndogo upande wa mlingoti. Ya pili ilikuwa na mstari mwekundu wa mshazari wenye kingo za manjano, na nyota moja kwenye kona. Selina alimwuliza ipi ndiyo yenyewe.

"Mimi najua stempu," alijibu mzee. "Serikali siijui."

Selina akaamua mwenyewe. Akashona yenye mshazari.

"Mkono wangu umeshona mshazari miaka kumi na sita," anasema sasa, akikwaruza tundu jingine. "Bendera yetu ni mshazari. Nikaiona hii imekamilika, ile nyingine kama fundi aliiacha njiani. Ni mkono ulioamua, si kichwa."

Jana, Jumanne, Josephat alifika na karatasi ya faksi. Wajumbe wa Kongo walikuwa wamefika Kigali, njiani kuja Mwanza, na kwa ombi la hoteli walichora bendera yao kwa kalamu. Nyota kubwa katikati. Nyota sita ndogo. Mstari hakuna. Josephat hakugomba. Alimwuliza tu kama ana kitambaa kingine cha buluu. Hakuwa nacho, na dukani buluu ile ilikuwa imekwisha.

Selina akachukua wembe, akaanza kufumua. Dorotea aliacha karai lake, akaja kumshikia kitambaa kisilegee.

Alhamisi, saa tatu kasoro. Bendera sita zinapanda. Selina hakualikwa, amesimama ng'ambo ya barabara, kitenge begani. Upepo wa ziwani unaikunjua ile ya buluu, na jua linapita nyuma yake. Mstari unaonekana, hafifu. Labda hauonekani kwa asiyeujua.

Mjumbe mmoja mrefu, mwenye miwani, anasimama chini ya mlingoti. Anaangalia juu kwa muda mrefu. Anainua kidole, anahesabu nyota ndogo sita, kisha ile kubwa moja. Anamwita Josephat, na Josephat ananyoosha mkono kuelekea ng'ambo ya barabara.

Selina anageuka kuondoka. Hajafika mbali mjumbe anamfikia na kumwuliza, kwa Kiswahili cha Bukavu, kama ni yeye aliyeshona drapo hii, yaani bendera, na ule mstari ni wa nini.

Hasemi uongo. Anamweleza kwamba alishona ile nyingine kwanza, akafumua.

Mjumbe anacheka hadi anavua miwani. "Mama, hata sisi tulibishana," anamwambia. "Wiki nzima."

Kisha anaeleza shida yake. Mjini kwao bado hawana bendera kubwa ya sasa. Zilizopo ni za karatasi, watoto wamepaka rangi. Anataka nne za kitambaa, aondoke nazo Jumapili.

Ijumaa asubuhi meza ya Selina imejaa buluu iliyopatikana duka moja karibu na soko la Mwaloni, imekolea kidogo kuliko ya kwanza. Josephat amemwambia aende Jumatatu wazungumzie kazi za mwaka; hajasema zaidi, na Selina hajathubutu kuuliza. Ile ya Zaire ameikunja kabatini. Hawezi kuiuza na hawezi kuikata iwe matambara. Amenunua daftari, na Mzee Clavery amekubali kumchorea bendera za majirani wote, kila moja na mwaka wake.

Anahesabu nyota alizokata. Ishirini na nane. Anahesabu tena.

"Naomba kitu kimoja tu," anasema, akipitisha uzi kwenye sindano kwa mara ya tatu. "Wasibadilishe tena kabla ya Jumapili."